Bendi ya Wanafunzi, Deni la Uwanjani, na Mtu wa Kindu



Muhula huu mabwenini kumekuwa na ubishi mkubwa juu ya bendi ya shule. Wako wasemao kwamba bendi isiyoimba Kiingereza haitasikiwa ng'ambo, hata wapigaji wake wawe hodari namna gani. Wako na wasemao kwamba hayo ni maneno ya watu waliokata tamaa kabla ya kukaza nyuzi. Mimi napiga gitaa la besi katika bendi hiyo, kwa hiyo siwezi kujifanya mwamuzi asiye na upande. Lakini nimeona kwamba pande zote mbili hutoa mfano ule ule, yaani bendi za roki za Uingereza na matamasha yao ya kiangazi, na kila upande huutoa bila ya kujua habari zenyewe. Basi nimeonelea nizieleze kwa njia ya bendi moja tu. Nimeichagua hiyo kwa sababu ilianzia katika shule ya bweni kama yetu, na mambo yake yakazunguka hata yakamgusa mtu wa Kindu, mji ulio karibu nasi hapa Gisenyi kuliko London.

Bendi yenyewe yaitwa Genesis, maana yake Mwanzo, kama kile kitabu cha kwanza cha Biblia. Ilianzishwa mwaka 1967 katika shule ya Charterhouse, iliyoko Godalming, kusini mwa Uingereza. Shuleni hapo palikuwa na vikundi viwili vya muziki, kimoja kikiitwa Anon na kingine Garden Wall. Vikundi hivyo vilipopungukiwa na watu, waliobaki wakaungana. Peter Gabriel akawa mwimbaji, Tony Banks akapiga kinanda, Mike Rutherford na Anthony Phillips wakashika magitaa, na Chris Stewart akakaa kwenye ngoma. Msidhani kwamba shule ile ilipenda magitaa. Rutherford amesimulia kwamba mwalimu aliyesimamia nyumba yake alimkataza kabisa kupiga, maana gitaa siku zile lilionekana kuwa chombo cha kuleta uasi. Hapa kwetu tunakatazwa baada ya saa tatu za usiku tu, tena kwa sababu ya majirani.

Aliyewafungulia mlango alikuwa mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo hiyo. Yeye alikuwa amekwisha kutoa santuri iliyovuma, na siku moja mwaka 1967 alirudi kuitembelea shule. Rafiki mmoja wa vijana wale akamtilia tepu yao mkononi. Akaisikiliza, akaipenda sauti ya Gabriel, akawatafutia kampuni ya santuri. Jambo hili naliandika waziwazi ili wanafunzi wetu wa zamani walio na vyeo na magari walisome mara mbili.

Santuri yao ya kwanza ndefu waliipiga wakati wa likizo ya kiangazi cha mwaka 1968, ikatoka mwezi wa Machi 1969. Iliitwa From Genesis to Revelation, yaani Toka Mwanzo hata Ufunuo. Jalada lake lilikuwa jeusi tupu lenye maandishi ya rangi ya dhahabu, wala jina la bendi halikuandikwa juu yake. Sisi tuliolelewa katika shule ya misheni twaweza kukisia yaliyofuata. Wauza maduka walipoiona wakadhani ni mambo ya kanisa, wakaipanga pamoja na santuri za nyimbo za dini. Ziliuzwa nakala zipatazo 650 tu. Vijana wale wangaliweza kurudi kwenye vitabu vyao, na wazazi wao walitaka hivyo. Badala yake wakajifungia katika nyumba moja ya shamba wakafanya mazoezi kwa miezi. Mwaka 1970 Phillips akatoka, kwa kuwa kila alipopanda jukwaani alishikwa na hofu, na mwaka huo huo akaja mpiga ngoma mpya, Phil Collins, aliyeitika tangazo la gazetini. Mwaka 1971 akaingia mpiga gitaa Steve Hackett. Hawa ndio waliokwenda viwanjani.

Hapa yafaa nieleze tamasha la kiangazi ni kitu gani, maana wengi wetu tumeliona katika picha tu. Kiangazi cha Ulaya ni miezi ya Juni, Julai na Agosti, na kwa bahati ndiyo miezi ya impeshyi yetu. Lakini kisifananishwe na ukavu wa kwetu. Huko mvua huweza kunyesha siku yoyote, na picha nyingi za matamasha hayo ni picha za matope. Wanaichagua miezi hiyo kwa sababu shule zimefungwa, baridi imepungua, na jua huchelewa kutua hata saa tatu za usiku, hivyo shamba tupu laweza kuwa ukumbi. Mwenye tamasha hukodi shamba au kiwanja, hujenga jukwaa, huleta umeme, maji, vyoo na askari wa kulinda lango, kisha huuza tiketi za siku mbili au tatu. Watu hulala katika mahema. Bendi hupanda moja baada ya nyingine tangu mchana, na zile ndogo hutangulia jua likiwa kali na watu wachache. Jina kubwa hungoja giza.

Faida yake kwa bendi changa si fedha. Katika ukumbi wake yenyewe bendi hupigia watu waliokuja kwa ajili yake, lakini katika tamasha hupigia maelfu waliokuja kwa ajili ya mtu mwingine. Wengi wamelala kwenye majani, wengine wanatafuta chakula. Kama katika dakika 40 ulizopewa umeweza kuwafanya wasimame, umepata watu ambao tangazo lisingewapata. Genesis walipanda katika tamasha la Reading mwaka 1971, wakarudi mwaka 1972, wakarudi tena mwaka 1973, na mara hii ya tatu jina lao lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kiwanja kilikuwa kile kile na mto ule ule wa Thames kando yake, ila walikuwa wamepanda kutoka mchana hata usiku. Gabriel naye alikuwa amegundua jambo ambalo wacheza ngoma wa kwetu walilijua zamani sana, ya kwamba mtu aliye mbali haoni uso wako. Akaanza kuvaa vinyago na mavazi ya ajabu ili hata aliye nyuma kabisa ajue kwamba kuna jambo linatendeka.

Mwaka 1975, bendi ikiwa inapanda juu, Gabriel akaiacha. Watu wakasema Genesis imekwisha. Haikuisha. Collins akatoka nyuma ya ngoma akawa mwimbaji, na bendi ikawa kubwa kuliko kwanza. Sitakaa sana juu ya miaka hiyo, kwa kuwa santuri zilizouzwa sana zimekwisha kuelezwa na wengi. Namfuata aliyetoka.

Gabriel aliendelea kuimba peke yake, na masikio yake yakaanza kuelekea nje ya Ulaya. Mwaka 1980 alikutana na vijana wa mji wa Bristol waliokuwa wakitoa gazeti lililouzwa pamoja na santuri ndani yake, wakapatana kufanya tamasha ambalo halijapata kuonekana. Bendi za roki zenye jina zingeitwa ili zivute watu, na pamoja nazo, jukwaa lile lile, wangeitwa wanamuziki wa Afrika, Asia na kwingineko. Wakaliita WOMAD. Tamasha la kwanza lilifanyika tarehe 16 hadi 18 Julai 1982 huko Shepton Mallet, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika kiwanja cha maonyesho ya kilimo. Naam, mahali pa kuonyeshea ng'ombe.

Miongoni mwa walioitwa walikuwamo wapiga ngoma wa Burundi. Hapa nawaomba msomaji na subira tusimame kidogo, maana hao ni jirani zetu. Ngoma zao zilikuwa zimefika Uingereza miaka mingi kabla ya wao wenyewe. Wafaransa walikuwa wamezirekodi huko Burundi katika miaka ya 1960, na mwaka 1971 ikatoka santuri ya dansi ambamo mtu wa Ulaya alikuwa ameongeza magitaa na vinanda juu ya sauti hizo. Mwaka 1980 na 1981 bendi za London kama Adam and the Ants zikajipatia sifa kubwa kwa mdundo uliotokana na ngoma hizo hizo. Hivyo vijana wa Kiingereza waliucheza mdundo wa Burundi bila ya kupata kumwona Mrundi hata mmoja akiupiga.

Mwaka 1982 wakawaona. Aliyeziona ngoma hizo anajua kwamba haziingii uwanjani kwa gari. Huingia vichwani mwa wapigaji, nao wanazipiga huku wanatembea. Kisha hupangwa nusu duara. Ile ya katikati, inkiranya, ndiyo itoayo amri. Amashakwe hushikilia mdundo usiotetereka, na ibishikizo huifuata inkiranya kila inapogeuka. Wapigaji hupokezana katikati, kila mmoja akiruka na kuonyesha ufundi wake. Hakuna spika, hakuna fundi wa sauti. Bendi ya Echo and the Bunnymen, vijana wa Liverpool wenye magitaa ya umeme, walipiga wimbo wao mmoja pamoja na Warundi hao. Katika muda ule mdundo na wenye mdundo walikuwa jukwaa moja mbele ya Waingereza, na kwa maoni yangu hilo peke yake lilistahili gharama ya kiwanja.

Lakini gharama ilikuwa kubwa, na hapa ndipo ubishi wetu wa mabwenini unapokosa kipande. Sisi twazungumza juu ya anayeimba tu, kana kwamba tamasha hujilipa lenyewe. Kumbe anayealika hulipa kwanza, huuza tiketi baadaye. Wapigaji wakiwa wengi, nauli za ndege ni nyingi, na jina wasilolijua watu haliuzi tiketi. Tena wiki zile zile madereva wa treni wa Uingereza walikuwa wamegoma, na watu wengi wasingeweza kufika Shepton Mallet bila treni. Muziki ukapendeza na fedha zikapotea. Waliokuwa wakidai wakamgeukia Gabriel, kwa sababu katika orodha nzima jina lake ndilo walilolijua.

Basi wenzake wa shule wakasikia. Genesis, bendi aliyoiacha miaka 7 nyuma, wakakubali kupiga naye usiku mmoja, na mapato yakalipe deni la WOMAD. Ilikuwa tarehe 2 Oktoba 1982 huko Milton Keynes. Kiangazi kilikuwa kimekwisha, na mvua ilinyesha juu ya watu mchana kutwa. Onyesho waliliita Six of the Best, maneno ambayo katika shule za Kiingereza yalikuwa na maana ya viboko sita vya mwalimu mkuu. Wanafunzi wetu wa zamani wanazijua habari za viboko kuliko sisi, kwa hiyo nawaachia mzaha huo waucheke wao. Gabriel aliletwa jukwaani ndani ya jeneza, akatoka humo akaanza kuimba. Mwishoni akapanda na Hackett, aliyekuwa ameiacha bendi mwaka 1977. Yule mwanafunzi wa zamani aliyepewa tepu mwaka 1967 ndiye aliyewakaribisha kwa watu. Hawakupata kufanya onyesho jingine namna hiyo, lakini deni lilishughulikiwa na WOMAD haikufa.

Sasa nivuke kuja upande wetu, maana kama WOMAD ingalikufa mwaka 1982, huenda Waingereza wasingalimwona mtu ninayetaka kumweleza.

Ramadhani Mtoro Ongala, ajulikanaye kwa jina la Remmy, alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, kando ya mto Lualaba, magharibi mwa nchi hii ng'ambo ya misitu ya Kongo. Husimuliwa kwamba mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili, na kwamba mganga alimwonya asimnyoe mtoto huyu. Tena alizaliwa na meno. Kwa sababu hizo watu walimwona kama mganga tangu utotoni, na ndipo lilipotoka jina la Dokta. Na zile nywele ndefu ambazo wageni walidhani amemwiga Bob Marley zilikuwa za mama yake kwanza. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa kienyeji. Wazazi wote wawili walifariki angali kijana, akajilisha kwa gitaa.

Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye akaingia Matimila, bendi iliyopewa jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania, ambayo chini yake ikaja kuitwa Super Matimila. Wasomaji walio wageni wa mambo ya dansi wajue kwamba katika nchi zetu bendi mara nyingi si mali ya wapigaji. Kuna mwenye vyombo, aghalabu mfanya biashara, ambaye magitaa na spika ni zake. Akikasirika, anavichukua na bendi imekwisha. Bendi za Dar es Salaam za siku hizo zilipiga usiku baada ya usiku katika mabaa, tangu saa tatu hata alfajiri. Wimbo mmoja ulikuwa na sehemu ya maneno, ambayo watu huisikiliza, kisha sebene, ambayo watu huicheza mpaka jasho liwatoke. Huko ndiko Remmy alikojifunza kazi. Aliimba juu ya mnyonge, juu ya kifo, juu ya mtu asiye na fedha, naye mwenyewe akajiita Sura Mbaya kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kumwita hivyo.

Alifikaje Uingereza? Rafiki yake mmoja alikuwa akirudi Ulaya, akampa kaseti. Kaseti ikafika kwa watu wa WOMAD, wakaisikiliza, na mwaka 1988 wakaialika Super Matimila katika ziara yao. Mtaona kwamba ni habari ile ile ya Charterhouse, tepu ndogo mkononi mwa mtu anayesafiri. Ziara ni jambo la maana hapa, si neno tu. Kuleta bendi nzima kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya alasiri moja ni hasara tupu, lakini tamasha linalohama kutoka mji hata mji na nchi hata nchi laweza kuigawa nauli moja katika maonyesho mengi. Pasipo hesabu hiyo hakuna bendi kubwa ya dansi iwezayo kutoka kwetu. Mwimbaji mmoja na gitaa lake aweza; watu kumi na matoazi yao hawawezi.

Nami nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje siku ya kwanza. Mtu aliyezoea kupiga tangu usiku hata kuku wawike, kwa watu wanaoyajua maneno yote, amepewa saa moja, mchana, mbele ya watu waliokaa kwenye majani wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Ile sehemu ya maneno, ambayo nyumbani ndiyo iliyowanyamazisha watu, kule ilikuwa sauti tu. Kilichobaki ni magitaa matatu yakiitikiana na ile sauti yake nzito. Ikatosha. Mwaka 1989 Gabriel na wenzake walipoanzisha kampuni ya santuri iitwayo Real World, waliirekodi Super Matimila katika studio yao huko Box, na santuri ikatoka mwaka ule ule kwa jina la Songs for the Poor Man. Jina la Kiingereza, lakini ndani yake mna Nasikitika, mna Sauti ya Mnyonge, mna Kipenda Roho, mna Muziki Asili Yake Wapi. Mwingereza aliyeinunua alilazimika kuzitamka kama zilivyo.

Mwaka 1992 ikatoka ya pili, Mambo, na katika hii Remmy aliingiza nyimbo za Kiingereza, kama vile One World na No Money, No Life. Wenzangu wa upande wa Kiingereza huishika santuri hii kuwa ushahidi wao. Mimi nimezisikiliza zote mbili wakati wa likizo, katika simu ya mjomba wangu wa Mbugangari, maana simu hapa shuleni ni marufuku. Kwa masikio yangu ya kwanza ni bora. Katika ya pili magitaa ni mazuri vile vile, lakini mtu yule anapoimba Kiingereza husema mambo mepesi, na anapoimba Kiswahili husema mambo mazito. Hakupungukiwa na akili alipobadili lugha. Alipungukiwa na maneno, na kazi yake yote ilikuwa maneno. Tena jambo hili halina ubishi, kwamba alialikwa kwa kaseti ya Kiswahili. Kiingereza kilikuja alipokwisha kualikwa.

Wala msidhani kwamba kupigiwa makofi ng'ambo kulimfungulia kila mlango nyumbani. Mnamo mwaka 1990 alitunga wimbo Mambo kwa Soksi, akiwaambia vijana wavae mpira, kwa sababu ukimwi ulikuwa ukiwamaliza watu na wakubwa walikuwa wakizungumza kwa mafumbo. Radio Tanzania ikakataa kuupiga, na siku hizo Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya kukimbilia. Watu wakauimba barani na mabaani wakaujua neno kwa neno. Katika miaka yake ya mwisho aliacha dansi, akakata zile nywele, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Mtaa aliokaa huko Sinza watu hupaita kwa Remmy, na makonda wa daladala hulitangaza jina hilo kutwa, pengine kwa abiria wasiopata kumsikia akiimba.

WOMAD ilikwenda ikakaa Reading tangu mwaka 1990 hata 2006, mji ule ule ambako Genesis walipanda mchana mwaka 1971. Kisha ikahamia Charlton Park hata 2024, na mwaka 2025 haikufanyika Uingereza. Genesis nao walipiga mara ya mwisho London tarehe 26 Machi 2022. Collins, ambaye mgongo na mikono vilikuwa vimemshinda, aliimba ameketi, na ngoma zilipigwa na mwanawe. Gabriel alikuwako, amekaa miongoni mwa watazamaji.

Upande wetu matamasha hayafuati kiangazi cha Ulaya. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004, hufanyika Februari. Hapo ng'ambo ya mpaka, Goma, Tamasha la Amani lilianza Februari 2014, miezi michache tu baada ya vita kunyamaza. Lilikuwa limepangwa Agosti 2013, na mapigano ndiyo yaliyolisogeza. Lilifanyika katika uwanja wa shule, Collège Mwanga, kwa kiingilio cha dola moja, na watu wa Gisenyi walivuka kwa miguu kwenda kusikiliza. Nilikuwa mtoto wa miaka saba. Kaka yangu alivuka, mimi nikaachwa nyumbani, na mpaka leo hajanieleza vizuri alichokiona, ila kwamba watu waliokuwa wakikimbiana mwaka uliotangulia walikuwa wakicheza mstari mmoja. Hapo waliimba Kiswahili, Kifaransa, Lingala, Kinyarwanda, wala hakuna aliyeuliza cheti cha lugha. Na hapa kwetu Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu mwaka 2017, kwa hiyo hata wanaopenda sheria hawana la kusema.

Bendi ya shule yetu ina magitaa mawili, besi moja ambayo uzi wake wa nne umefungwa kwa fundo, na ngoma moja kubwa. Mwenye vyombo ni shule. Siku ya wazazi tumepewa dakika 20, mchana, kabla ya hotuba, yaani saa ile ile ya bendi ndogo za Reading. Tumepanga nyimbo nne. Tatu ni za Kiswahili na moja ni ya Kinyarwanda. Wale wa Kiingereza wamedai nafasi ya tano, nasi tumewaambia wailete, waiimbe mbele yetu kwanza.

Mwisho nina ombi kwa wanafunzi wa zamani. Kama yuko kati yenu aliye na kaseti au santuri ya Songs for the Poor Man, tafadhali atuazime hata mwisho wa muhula. Maktaba ina gramafoni iliyotengenezwa upya, nasi tunataka kujifunza sehemu ya besi ya Kipenda Roho, ambayo katika spika ya simu haisikiki kabisa.